Presha Haishuki kwa Dawa Tatu: Je, Ni Homoni?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa sekondari Morogoro, nina miaka 36. Niligundulika na presha nikiwa na miaka 29. Sasa natumia amlodipini 10, losatani 100 na haidroklorotiazidi 25, lakini kila nikienda kliniki inasoma 165 kwa 100 na zaidi. Mwezi uliopita miguu iliishiwa nguvu nikashindwa kupanda ngazi za shule. Nilipopimwa, potasiamu ilikuwa 2.9, nikapewa vidonge vya kuipandisha. Usiku naamka kukojoa mara tatu au nne, na sukari sina. Mama yangu alifariki kwa kiharusi akiwa na miaka 38. Daktari wangu anataka kuniongezea dawa ya nne, spironolaktoni. Binamu yangu ambaye ni muuguzi anasema hii ni presha ya homoni, nikapige CT skani haraka kabla ya kitu kingine chochote. Niliolewa mwaka jana na tunatamani mtoto. Nianzie wapi, na je, nitapasuliwa?

JIBU: Marahaba, Mwalimu.

Binamu yako ameotea ugonjwa, ninaoushuku kuwa ugonjwa wa Conn (homoni ya aldosteroni kuzidi), ila mpangilio wake umekaa kinyume. Daktari wako naye amechagua dawa nzuri, ila ningemwomba asiianze kwanza. Kabla ya kidonge cha nne na kabla ya CT skani, utolewe damu ipimwe vitu viwili kwa pamoja: aldosteroni na renini. Damu kwanza, picha baadaye. Mlolongo huu ukivurugwa, mgonjwa hulipia kipimo ambacho majibu yake hayasomeki, na wapo wanaoishia kuondolewa tezi isiyo na kosa.

Nieleze kwa nini barua yako imenishtua. Presha inayoanza kwa mtu wa miaka 29 haifai kuandikiwa dawa bila mtu kuuliza imetoka wapi. Pia unameza dawa tatu, mojawapo ya kukojoza, na presha bado iko juu ya 140 kwa 90. Hiyo ndiyo presha sugu. Kisha kuna hiyo potasiamu ya 2.9, wakati kiwango cha kawaida huanzia 3.5. Ni kweli haidroklorotiazidi hushusha potasiamu, na wengi huilaumu hiyo kisha wanafunga faili. Lakini losatani hufanya kinyume chake: huizuia potasiamu isipotee. Mtu anayemeza losatani ya 100 na bado anashuka hadi 2.9 kwa miligramu 25 tu za haidroklorotiazidi, ana kitu kingine kinachoivuta potasiamu kwenye mkojo. Miguu kuishiwa nguvu na kukojoa usiku vinatokana na upungufu huohuo. Misuli haifanyi kazi vizuri bila potasiamu, na figo iliyoikosa hushindwa kuukoleza mkojo, ndiyo maana hulali.

Juu ya kila figo kuna tezi ndogo iitwayo adrenali. Ganda lake la nje hutoa aldosteroni, homoni inayoiamuru figo irudishe chumvi mwilini na kuiachia potasiamu itoke na mkojo. Kwa kawaida amri hutoka kwenye figo yenyewe kupitia renini: maji na chumvi vikipungua mwilini, renini hupanda na aldosteroni huifuata, vikitosha, zote mbili hushuka. Fikiria boya la tangi la maji. Tangi likijaa, boya hupanda na koki hufunga. Katika ugonjwa ninaoushuku kwako tangi limejaa na boya liko juu kabisa, yaani renini imeshuka karibu na sifuri, lakini maji bado yanamwagika kwa sababu koki imeharibika: tezi inatoa aldosteroni bila kuagizwa. Ndiyo maana kuipima aldosteroni peke yake hakutusaidii. Mtu aliyeharisha siku tatu atakuwa na aldosteroni ya juu, na ni haki yake, kwa kuwa renini yake nayo iko juu. Tunayemtafuta ni yule ambaye aldosteroni inatoka huku renini imelala.

Jerome Conn wa Chuo Kikuu cha Michigan ndiye aliyeueleza ugonjwa huu, mwaka 1955, kwa mgonjwa mwanamke wa miaka 34 mwenye presha, potasiamu ya chini na misuli iliyolegea na kukakamaa kwa vipindi. Walimpasua wakikusudia kuondoa tezi zote mbili. Wakakuta uvimbe kwenye moja, wakaitoa hiyo tu, naye akapata nafuu kubwa. Kwa miongo mingi baadaye ugonjwa ulifundishwa kama kitu adimu ambacho daktari wa kawaida angekutana nacho mara moja maishani. Si adimu hata kidogo. Kati ya watu 100 wenye presha, 5 hadi 10 wanao, na kwenye kliniki za presha sugu hufika hata 20. Wengi wao potasiamu yao ni ya kawaida, na hao ndio wanaotupita tukiwatazama. Mwaka 2025 Endocrine Society, chama cha wataalamu wa homoni chenye makao yake Marekani, kilipendekeza kila mwenye presha apimwe. Huku kwetu bado tuko mbali na hapo, lakini mtu mwenye dalili kama zako alistahili kipimo hata kwa miongozo ya zamani. Na ugonjwa huu hauumizi kwa namba za presha peke yake. Aldosteroni iliyozidi ikikutana na chumvi huharibu moyo, mishipa na figo kwa njia yake yenyewe. Chukua watu wawili wenye presha ileile: aliye na ugonjwa huu yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kiharusi, ya moyo kupiga ovyo na ya figo kuchoka.

Kabla hujatoa fedha, ondoa yale yanayoigiza presha sugu. Jipime nyumbani asubuhi na jioni kwa siku 7, umekaa, mgongo umeegemea, mkono umelazwa mezani. Mkanda wa mashine utoshe mkono wako. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene huzalisha presha isiyokuwepo. Kama kuna siku unaruka dawa, mwambie daktari wako. Hatakusuta, na kama atakusuta bado ni heri ajue, kuliko kupimwa homoni kwa sababu ya vidonge vilivyobaki kabatini. Kama unanunua diklofenaki au ibuprofeni kwa ajili ya mgongo au hedhi, acha kwa sasa. Hupandisha presha na pia hushusha renini, hivyo huchafua kipimo. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni vina matatizo hayohayo mawili. Mirungi nayo hupandisha presha, ingawa sidhani kama ni yako.

Kuna jambo ambalo wanawake wa rika lako hawalisemi mpaka waulizwe mara ya pili, kwa hiyo nakuuliza hapa. Vidonge vya "kuongeza mwili" vinavyouzwa kimyakimya madukani na mitandaoni mara nyingi vina deksamethasoni, na krimu nyingi za kung'arisha ngozi zina klobetasoli au betamethasoni. Zote hizi ni steroidi, dawa zinazoiga homoni ya adrenali. Zinazopakwa nazo hupenya ngozi na kuingia kwenye damu. Uso unakuwa wa duara, tumbo linajaa huku mapaja na mikono vikikonda, michirizi ya zambarau inatokea, presha na sukari vinapanda. Hiyo pia ni presha ya homoni, ila homoni yenyewe imetoka kwenye kopo. Kama unatumia au uliwahi kutumia kwa muda mrefu, usiache ghafla. Tezi zako zitakuwa zimelala, na mwili ukikosa kabisa homoni hiyo mtu anaweza kuzimia na hata kufa. Daktari huipunguza polepole kwa wiki au miezi.

Tezi ya shingoni, ikizidisha kazi au ikizembea, nayo hugusa presha. Kipimo chake ni rahisi na kinapatikana karibu kila mkoa, kifanywe. Uvimbe wa ndani ya adrenali unaomwaga adrenalini, unaoitwa feokromositoma, ni adimu zaidi, lakini ni mkorofi: kichwa kugonga, jasho jingi na moyo kwenda mbio, vyote vikija kwa pamoja na kuondoka ghafla. Barua yako haina dalili hizo. Nitaugusa tena kwenye suala la picha.

Turudi kwenye damu yako. Madaktari wengi watakuambia uache dawa zote za presha wiki kadhaa kabla ya kipimo. Kwa presha ya 165 kwa 100 na historia ya mama yako, mimi nisingekubali. Wala huna haja. Losatani na dawa ya kukojoza huipandisha renini. Kama unatumia dawa zote mbili na renini bado iko chini, jibu hilo lina uzito kuliko lingekuwa bila dawa, kwa sababu dawa zimeisukuma juu ikakataa kwenda. Tatizo ni likiwa kinyume, renini ikitoka ya kawaida: hapo dawa zinaweza kuwa zimeuficha ugonjwa, na ndipo tunapokubadilishia kwa muda dawa zisizoingilia kipimo, kama doksazosini, haidralazini au verapamili ya kutoka polepole. Dawa jamii ya atenololi na propranololi huishusha renini na kumfanya asiye na ugonjwa aonekane anao, hutumii, vizuri. Dawa inayovuruga kuliko zote ni hiyo spironolaktoni. Ukishaianza, utatakiwa kuiacha wiki 4 au zaidi ndipo upimwe vizuri. Ndiyo maana nimesema daktari asubiri. Ni kusubiri kwa siku chache tu, damu itoke, kisha aianze jioni hiyohiyo akipenda.

Potasiamu ipandishwe kwanza ifike karibu na 4, kwa sababu ikiwa chini huizuia aldosteroni nayo ikashuka, na majibu yakadanganya kwamba uko salama. Endelea na vidonge ulivyopewa na upimwe tena kabla ya siku ya kipimo. Usipunguze chumvi siku hizo chache. Huu ndio wakati pekee utakaonisikia nikisema hivyo. Siku yenyewe amka mapema, tembea na kufanya shughuli zako angalau saa mbili, kisha fika maabara, ukae kwenye kiti dakika 5 hadi 15 ndipo utolewe damu. Usikunje na kukunjua ngumi wakati wa kutolewa, kwani potasiamu hupanda kwa uongo. Kama hedhi yako inajulikana tarehe, chagua siku za baada ya kumaliza, kwa kuwa wiki mbili za mwisho za mzunguko huipandisha aldosteroni kiasi. Na waambie wa maabara, kwa heshima, kwamba damu ya renini haiwekwi kwenye barafu. Wengi huiweka wakidhani wanaitunza, kumbe baridi huamsha renini iliyolala na kuongeza kiwango. Ikae kwenye joto la chumba mpaka itenganishwe, ndipo igandishwe. Sampuli hizi mara nyingi husafirishwa kwenda maabara kubwa, hata nje ya nchi, kwa hiyo uliza siku za kusafirisha na majibu yatachukua muda gani, na uliza bima yako kabla hujafika dirishani.

Majibu yatakuja na uwiano, yaani aldosteroni ikigawanywa kwa renini. Usiusome uwiano peke yake, na angalia vizio. Aldosteroni huandikwa kwa nanogramu kwa desilita au kwa pikomoli kwa lita, na 1 ya kwanza ni sawa na takriban 28 za pili. Ukilinganisha karatasi yako na ya mtu mwingine bila kutazama vizio, utalia bure. Kwa nanogramu, pale renini inapopimwa kwa utendaji wake, uwiano unaozidi 20 hadi 30 hutia shaka. Chukua mfano: aldosteroni 24, renini 0.3, uwiano ni 80, hapo hatubishani. Lakini aldosteroni 4 na renini 0.1 hutoa uwiano wa 40, na huo si ugonjwa huu. Ni hesabu tu ya kugawanya kwa namba ndogo.

Nalisisitiza hili kwa sababu sisi Waafrika, wengi wetu wenye presha, tuna renini ya chini kwa asili. Figo zetu zinashikilia chumvi sana. Daktari asiyezoea anaweza kuona uwiano mkubwa na kumpeleka mtu kwenye upasuaji, wakati aldosteroni yenyewe ni ya kawaida kabisa. Zikiwa chini zote mbili, dawa inayofaa mara nyingi ni amiloridi, ambayo huziba moja kwa moja ile milango ya figo inayopitisha chumvi. Utafiti uliofanyika Kenya, Nigeria na Afrika Kusini, uliochapishwa mwaka 2017, ulichagulia wagonjwa dawa kwa kufuata renini na aldosteroni zao, na presha ikadhibitiwa vizuri zaidi kuliko kwa matibabu ya kawaida. Kwa hiyo hata majibu yako yakikataa ugonjwa wa Conn, fedha haijapotea. Yatakuambia dawa ipi inakufaa.

Yakikubali, hatua inayofuata hutegemea uzito wake. Mtu ambaye potasiamu yake inashuka yenyewe, renini haisomeki na aldosteroni imepita 20, hahitaji kuthibitishwa tena. Walio katikati hufanyiwa kipimo cha kuthibitisha: lita 2 za maji ya chumvi kwa njia ya mshipa kwa saa 4, kisha aldosteroni inapimwa tena. Tezi yenye afya ingetakiwa kunyamaza baada ya chumvi yote hiyo, iliyoharibika inaendelea. Kwa presha kama yako lita hizo zina hatari, hivyo wengi wetu hutumia kidonge cha kaptoprili na kupima kabla na saa mbili baadaye.

Sasa ndiyo CT skani, na sasa ina maana. Sababu ya kuiweka nyuma ni kwamba picha huonyesha umbo, haionyeshi kazi. Watu wengi wana vinundu kwenye adrenali visivyofanya lolote, na idadi yao huongezeka kadiri umri unavyokwenda. Kwa upande mwingine, uvimbe wa Conn mara nyingi hauzidi sentimita 2, na mwingine hauonekani kabisa. Mapitio ya mwaka 2009 yaliyokusanya wagonjwa 950 yalikuta kwamba picha na kipimo cha mishipa, nitakachokieleza punde, vilipingana kwa zaidi ya theluthi moja yao. Yaani picha ingeweza kumpeleka mtu kukatwa tezi nzima, ama kumnyima upasuaji ambao ungemsaidia. Ikionekana uvimbe, kabla ya chochote kingine upimwe kemikali za feokromositoma kwenye damu au mkojo wa saa 24, na kortisoli, homoni nyingine ya adrenali, baada ya kumeza miligramu 1 ya deksamethasoni usiku. Mtu akipasuliwa feokromositoma bila kuandaliwa, presha yake inaweza kulipuka mezani. Wala uvimbe usichomwe sindano ya kuchukua kinyama.

Kipimo cha mishipa nilichokitaja ndicho kinachoamua. Mtaalamu wa radiolojia tiba huingiza mpira mwembamba kupitia mshipa wa kinena hadi kwenye vena za adrenali, kulia na kushoto, na kuchota damu kila upande. Aldosteroni ikitoka upande mmoja kwa wingi na upande wa pili umenyamaza, kuna tezi moja ya kutoa. Zikitoka zote mbili, hakuna cha kukata. Matibabu ni vidonge. Vena ya kulia ni fupi na inakwepa, hata mabingwa huikosa, ndiyo maana kortisoli hupimwa kwenye kila sampuli kuthibitisha kwamba mpira ulifika pale ulipotakiwa. Muulize atakayekufanyia amefanya mangapi. Ni swali la haki. Kama hospitali uliyopewa rufaa haifanyi, waulize wanakopeleka wagonjwa wao, na uliza gharama yote kwa maandishi.

Miongozo imekuwa ikiruhusu kuruka kipimo hicho kwa mgonjwa asiyefika miaka 35 mwenye potasiamu ya chini, aldosteroni ya juu sana na uvimbe ulio wazi upande mmoja, huku wa pili ukiwa safi. Wewe una 36. Huo mstari ulichorwa na binadamu. Kama vipimo vyako vyote vitaelekea upande mmoja, kaa na daktari wa homoni na daktari wa upasuaji wajadili mbele yako kama safari ya kwenda kufanyiwa kipimo hicho ina faida. Kwa mtu wa miaka 50 nisingekuwa mlegevu hivyo.

Je, utapasuliwa? Kama ni upande mmoja, ningekushauri ndiyo. Hufanyika kwa matundu madogo, na wengi hutoka hospitali baada ya siku mbili tatu. Potasiamu hurudi sawa kwa karibu wote. Kwa presha sitakuahidi makubwa: takriban mtu mmoja kati ya watatu huacha dawa zote, na wengi wa waliobaki hupunguza vidonge. Wanaopona kabisa mara nyingi ni wanawake, vijana, wenye miaka michache ya presha na dawa chache. Wewe una baadhi ya hizo sifa. Baada ya upasuaji vidonge vya potasiamu na spironolaktoni huachwa mara moja, na potasiamu hupimwa kila wiki kwa mwezi mmoja, kwa sababu tezi iliyobaki ilikuwa imelala na inaweza kuchelewa kuamka. Kreatinini, kipimo cha kazi ya figo, inaweza kupanda kidogo. Usishtuke, figo zilikuwa zikisukumwa kupita kiasi na sasa zinaonyesha hali yake halisi.

Kuhusu mtoto, hili ni la sasa hivi kuliko homoni. Losatani haifai kwenye ujauzito, huumiza figo za mtoto. Spironolaktoni nayo tunaiepuka, kwani inazuia homoni za kiume na inaweza kuathiri mtoto wa kiume tumboni. Tumieni kinga isiyo na estrojeni mpaka uchunguzi uishe. Kama ugonjwa uko upande mmoja, utolewe kabla ya kushika mimba. Mimba itakayofuata itakuwa tulivu zaidi. Kama ni pande zote mbili, mimba bado inawezekana, ila utahamishiwa mapema kwenye methildopa, nifedipini au labetaloli, pengine na amiloridi, na utafuatiliwa kwa karibu na kliniki ya wajawazito wenye hatari. Ukichelewa hedhi kwa wiki moja ukiwa kwenye losatani, pima mimba na umwone daktari siku hiyohiyo.

Mama yako. Kiharusi katika miaka 38 ndani ya familia yenye presha ya mapema hunifanya nifikirie aina ya kurithi. Ipo moja ambayo jeni mbili jirani zimeungana vibaya, na aldosteroni ikawa inafuata amri ya homoni ya ubongo badala ya renini. Hiyo hutibiwa kwa dozi ndogo sana ya steroidi na inajulikana kwa kuleta viharusi vya kutokwa damu kwa vijana. Kipimo chake ni cha vinasaba. Si cha kuanza nacho, lakini ukikutwa na ugonjwa, mkumbushe daktari, na wadogo zako wote wapimwe presha na potasiamu bila kusubiri dalili.

Mwisho, niseme wazi kuhusu fedha. Ikiwa damu ya aldosteroni na renini haipatikani, au inapatikana na huna uwezo wa hatua zinazofuata, daktari wako yuko sahihi kuanza spironolaktoni. Jaribio la PATHWAY-2 la Uingereza, mwaka 2015, lilionyesha kwamba spironolaktoni, ikiwa dawa ya nne, inazishinda dawa za bisoprololi na doksazosini kwa presha sugu, na ni ya bei nafuu. Huanza kwa miligramu 25 na hupandishwa kila baada ya wiki nne kadiri inavyohitajika. Hedhi inaweza kuvurugika na matiti kuuma. Kwa wanaume matiti hukua, na ndiyo sababu wengi wao huitupa bila kusema. Ukipima renini miezi michache baadaye ukaikuta imepanda, ujue dozi imefika. Waliotibiwa huku renini ikibaki chini wameonekana kuendelea kupata maradhi ya moyo zaidi.

Na damu ikishatolewa, au kipimo kikikosekana, chumvi ya kula ishuke: kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima, pamoja na iliyomo kwenye mkate, samaki wa chumvi na vile vipande vya kuungia mchuzi. Siku utakayoanza spironolaktoni, daktari apange upya au asitishe vidonge vya potasiamu, maana pamoja na losatani kiwango kinaweza kupanda hadi kuusimamisha moyo. Usitumie ile "chumvi ya wagonjwa wa presha" iliyotengenezwa kwa potasiamu. Damu ipimwe potasiamu na kreatinini baada ya wiki 1, tena wiki ya 4, kisha kila dozi inapobadilishwa. Na ukiharisha au kutapika sana, simamisha spironolaktoni uende hospitali ukapimwe kabla ya kuirudia.